Upekuzi haujaisha hadi umesoma amri ya mwisho

Kabla mteja hajanunua mali, wakili hupekua masjala za mahakama kuona kama mali hiyo au muuzaji ana kesi, kisha humwandikia taarifa. Naona tena hapa Tanzania taarifa za upekuzi zenye sentensi moja: "Tumepekua mahakamani, hakuna shauri lolote." Mahakama ipi? Rejesta ya mwaka gani? Kwa jina la nani? Kila Jaji Mkuu anapopokea mawakili wapya, na kila wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wanapoingia ofisini, sentensi hiyo inarudi vilevile. Wadogo zangu, najua mnatumwa asubuhi na mnatakiwa mrudi na jibu kabla ya saa nane. Najua pia baadhi ya masjala zina foleni ya kukatisha tamaa. Lakini kuna mtu anatoa akiba ya maisha yake akiamini karatasi uliyosaini wewe, kwa hiyo leo nitasema kwa urefu.

1. Anza na mgogoro, si na jengo.

Wengi mnaingia mahakama iliyo karibu na ofisi, mnauliza jina, mnaondoka. Kabla hujatoka ofisini jiulize: kama mtu angetaka kushtaki juu ya jambo hili, angefungulia wapi? Mirathi ya kimila au ya Kiislamu, tafuta Mahakama ya Mwanzo. Mgogoro wa kazi, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi kwanza, kisha Divisheni ya Kazi ya Mahakama Kuu. Ardhi ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo kwa madai ya kurudishiwa umiliki wa mali isiyohamishika linaishia shilingi milioni 300. Kumbukeni kwamba zamani kiwango hicho kilikuwa milioni 50. Kiwanja ambacho leo kesi yake ingekuwa Barazani, miaka ile kingeweza kuwa na jalada Mahakama Kuu, na jalada hilo bado lipo.

Mipaka ya kanda nayo imebadilika. Kabla Kigoma haijapata kanda yake ya Mahakama Kuu, mashauri yake yalikwenda Tabora. Ya Musoma yalikwenda Mwanza, ya Morogoro yakaenda Dar es Salaam. Ukitafuta rufaa ya zamani ya Kigoma ndani ya Kigoma peke yake, utaambiwa haipo, na karani atakuwa amekujibu ukweli mtupu.

Halafu hili la Barazani, ambalo kila mwaka linamwangusha mtu: kule shauri la msingi lenyewe huitwa "Maombi". Mtu anaona "Maombi Na. 45" kwenye rejesta, anadhani ni kaombi ka zuio tu, anaruka mstari. Yale madogo huandikwa "Maombi Madogo". Someni neno la pili.

2. Jina moja halitoshi.

Athumani wa kitambulisho anaweza kuwa Othman kwenye rejesta. Hamisi anakuwa Khamis, Ramadhani anapoteza "i" ya mwisho, Yohana anaandikwa John. Tafuta kwa jina la kwanza, kwa jina la baba, kwa ubini. Tafuta upande wa mdai na upande wa mdaiwa, maana rejesta nyingi za mkono zimepangwa kwa tarehe ya kufunguliwa na hazina faharasa ya majina. Itabidi upitishe kidole mstari kwa mstari. Tafuta pia kwa majina ya watu ambao hawauzi kitu: mke, kaka, marehemu baba, benki iliyowahi kukopesha.

3. Karatasi uliyopewa na muuzaji ndiyo ramani ya upekuzi.

Hapa naomba mtulie. Kuna wakili kijana, mchapakazi kweli, alikuja kwangu akiwa hajalala, na ameniruhusu nisimulie bila kumtaja. Mteja wake alikuwa ananunua kiwanja chenye nyumba ndogo kutoka kwa kijana wa marehemu. Muuzaji alileta nyaraka zote: hati, kitambulisho, muhtasari wa kikao cha ukoo, na Fomu Na. 4 ya Mahakama ya Mwanzo inayomteua kuwa msimamizi wa mirathi. Fomu ina mhuri, ina saini ya hakimu, haina doa. Wakili akaenda Ardhi, hakukuta zuio. Akaenda Mahakama ya Wilaya, akatafuta jina la muuzaji, hakuna. Akaenda Barazani, akatafuta jina lilelile, hakuna. Akaandika taarifa safi. Mteja akalipa, akavunja ile nyumba ndogo, akaanza msingi.

Msingi ukiwa umefika usawa wa goti, dalali wa mahakama akaja na amri.

Kumbe dada wa muuzaji alikuwa amerudi Mahakama ya Mwanzo kulalamika kwamba kaka yake hajawahi kuwasilisha Fomu Na. 5 wala Na. 6. Sheria inataka orodha ya mali na madeni, yaani Fomu Na. 5, ipelekwe ndani ya miezi minne tangu uteuzi, au ndani ya muda zaidi mahakama itakaoruhusu, na hesabu, yaani Fomu Na. 6, zifuate kwa vipindi mahakama itakavyopanga. Mahakama ikamwita, hakufika, ikautengua uteuzi wake. Haya yalitokea kabla ya mauzo. Mjane naye akafungua Maombi Barazani kudai nyumba ni yake, akamshtaki kijana kama msimamizi wa mirathi ya marehemu fulani. Karani wa rejesta, kwa kubana nafasi, akaandika jina la marehemu peke yake. Shauri likasikilizwa upande mmoja, likaamuliwa, likafika kwenye ukazaji, yaani utekelezaji wa hukumu.

Nilimwomba anionyeshe nakala ya Fomu Na. 4. Akaitoa kwenye mkoba. Juu kabisa, chini ya jina la mahakama, kulikuwa na mstari: Mirathi Na., namba, mwaka. Alikuwa ametembea nayo mahakama zote alizozunguka, isipokuwa ile moja iliyoitoa. Aliangalia ule mstari muda mrefu. Akaniambia, "Kaka, mimi niliisoma hii kama ushahidi. Sikuisoma kama namba ya jalada."

Sijapata kusikia mtu akilieleza kosa hili vizuri kuliko hivyo, ndiyo maana nimemwomba ruhusa. Kila hati ya mahakama inayokuja mezani kwako, iwe barua ya usimamizi, dikrii (amri rasmi inayotokana na hukumu), hati ya mapatano au talaka, imetoka kwenye jalada, na jalada halikuacha kuishi siku hati ile ilipotolewa. Uteuzi hutenguliwa, dikrii hukatiwa rufaa, mapatano huvunjwa. Nenda kwenye mahakama iliyoitoa, omba jalada kwa namba hiyohiyo, uone kilichoandikwa baada ya tarehe ya hati. Hakimu angekuonyesha utenguzi ule kwa mwandiko wake, ukurasa mmoja baada ya nakala ya fomu.

Mteja yule bado anahangaika na madai ya kurudishiwa fedha zake. Ndiyo maana nakuwa mkali mnaponiletea sentensi moja.

4. TanzLII na mfumo wa mahakama.

Vitumieni kila siku, ni bure na vimetuokolea safari nyingi. Lakini TanzLII ni hazina ya mtandaoni ya maamuzi ya mahakama: shauri linaloendelea hutalikuta humo, na lililoisha kwa mapatano au kwa kuondolewa huenda halina uamuzi wa kuchapisha. Tafuta kwa namba ya kiwanja na jina la kitalu, si kwa majina tu, maana majaji hutaja mali ndani ya hukumu. Nukuu ya hukumu, yaani rejea yake, ikiwa na TZCA ni Mahakama ya Rufani, TZHC ni Mahakama Kuu, TZHCLandD ni Divisheni ya Ardhi, hivyo unajua masjala ya kwenda. Mfumo wa kielektroniki unakusaidia kwa mashauri ya karibuni. Ya zamani bado yanataka rejesta ya karatasi na mtu wa kukufungulia kabati.

5. Soma jalada kuanzia nyuma.

Mkipewa jalada mnakimbilia hati ya madai. Fungua mwenendo, yaani kumbukumbu ya kilichotokea kila tarehe ya shauri, nenda ukurasa wa mwisho wenye mwandiko wa hakimu. Utakuta tarehe, "Mbele ya", "Mdai: yupo. Mdaiwa: hayupo", kisha neno Amri. Hiyo amri ndiyo jibu la swali la mteja. Andika maneno yake kama yalivyo, usiyafupishe kwa lugha yako. Shauri lililoondoshwa kwa kasoro ya kisheria linaweza kurudi kesho likiwa limerekebishwa. Lililosikilizwa na kuamuliwa likatupwa lina ukuta wa kifungu cha 9 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, kinachozuia jambo lililokwisha kuamuliwa kufunguliwa upya kati ya watu walewale. Lililofutwa kwa mdai kutohudhuria linaweza kuombewa kurejeshwa. Yote matatu nimeyaona kwenye taarifa zenu yameandikwa "kesi iliisha".

Ukishapata tarehe ya hukumu, hesabu. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda Wilaya ni siku 30. Kutoka Barazani kwenda Mahakama Kuu ni siku 45. Kama siku hizo za kukata rufaa hazijapita, usimwambie mteja anunue. Kama zimepita, bado nenda masjala ya juu, kwa sababu watu huomba kuongezewa muda na wakati mwingine hupewa. Ukazaji wa hukumu nao hufunguliwa maombi yake yenye namba yake, kwa hiyo muulize karani: kuna jalada lingine lililozaliwa na hili?



6. Masjala ni ofisi ya watu.

Nenda na barua: kwa hakimu mfawidhi, kwa naibu msajili, au kwa mwenyekiti wa Baraza, yenye namba ya shauri, majina ya wadaawa, unamwakilisha nani na unataka kuona nini. Salimia. Karani aliyekaa masjala miaka mingi anakumbuka majalada ambayo hakuna mfumo utakaokuonyesha, na atakwambia "hilo liliunganishwa na lile la mwaka juzi" ukimuuliza kwa adabu. Lipia kwa kontroli namba, chukua stakabadhi. Jalada likiwa "kwa mheshimiwa", uliza tarehe ya kutajwa, kisha hudhuria mahakama ya wazi usikilize. Usipige picha bila ruhusa, usitoe karatasi kwenye uzi. Mashauri ya watoto yana ulinzi wake, msiyaombe kama mnavyoomba mengine.

7. Taarifa yenyewe.

Taja kila masjala uliyoingia, miaka ya rejesta uliyopitia, kila tahajia ya jina uliyotafuta, namba ya kila jalada ulilofungua na amri ya mwisho neno kwa neno. Taja pia ulichoshindwa kukiona: rejesta iliyochanika, jalada lililokuwa kwa mheshimiwa. Weka tarehe na saa. Na siku mteja anapokwenda kusaini, rudi masjala asubuhi hiyohiyo na uangalie mfumo tena, kwa kuwa chini ya Kanuni za Uwasilishaji Nyaraka kwa Njia ya Kielektroniki za mwaka 2018, hati iliyoingia kabla ya saa sita ya usiku uliopita inahesabika ni ya jana.