Miaka 40 bila kukosa wiki hata moja

Swali lenu la wiki linauliza kichekesho kinaweza kudumu miaka mingapi kabla hakijamchosha msomaji, na mmetaka kila anayejibu alete mfano. Wangu unatoka Japani: manga, yaani hadithi za katuni za Kijapani, iitwayo Kochikame. Ilianza Septemba 1976, ikamalizika Septemba 17, 2016, na katika miaka yote hiyo ilitoka kwenye jarida la kila wiki la Weekly Shōnen Jump bila kukosa toleo. Jumla ni hadithi 1,960. Nasoma Kijapani na nimezisoma nyingi mno, na kadiri ninavyozisoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba kilichoibeba manga hii hakikuwa kipaji peke yake. Ni jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa.

Jina lake kamili ni refu: Kituo cha Polisi Mbele ya Bustani ya Kameari, Wilaya ya Katsushika. Kameari ni mtaa halisi wa Tokyo, upande wa kaskazini mashariki, na mchoraji Osamu Akimoto ni mwenyeji wa wilaya hiyohiyo, aliyezaliwa mwaka 1952. Mhusika mkuu ni askari wa cheo cha chini, Kankichi Ryotsu. Nyusi zake nene zimeungana juu ya pua, mikono ya shati la sare imekunjwa, na miguuni ana ndara hata akiwa zamu. Anapenda pesa, kamari na vitu vya kuchezea vya watoto. Kituoni yumo pia Nakagawa, kijana wa familia ya matajiri wa kutupwa, na mkuu wao Ohara, mzee asiyeishiwa hasira.

Mwanzo wake haukuwa na dalili za makuu. Mwaka 1976 Akimoto aliipeleka hadithi moja kwenye shindano la wachoraji chipukizi la jarida hilo. Ilifanya vizuri, ikachapishwa, na miezi michache baadaye, kwenye toleo namba 42 la mwaka huo, akapewa nafasi ya kila wiki. Alikuwa na miaka 23. Wakati huo manga ya vichekesho iliyotamba Japani ilikuwa Gaki Deka ya Tatsuhiko Yamagami, kwenye jarida pinzani, nayo ilihusu mtoto anayejifanya polisi. Akimoto, kwa utani wa ujana, alijipa jina la kazi Tatsuhiko Yamadome, linalokaribiana kabisa na la mkubwa huyo. Utani ule ulileta malalamiko, na mwaka 1978, hadithi zikiwa zimekaribia 100, akaanza kutumia jina lake mwenyewe. Vitabu vya mwanzo vya kukusanya hadithi za jaridani, vilivyokwisha kutoka kwa jina la utani, vilichapwa upya kwa jina halisi.

Ili kuelewa ugumu wa kudumu pale, lazima mjue jarida lenyewe lilivyo. Jump ni la kampuni ya Shueisha, lilianzishwa 1968, na ndani yake huwa na postikadi ambayo msomaji anaijaza kutaja hadithi zilizomfurahisha zaidi. Wahariri huzihesabu kila wiki. Mfululizo unaoshika mkia huondolewa, mara nyingine baada ya wiki 10 hivi tu, hata kama mchoraji ndiyo kwanza anaanza kuwatambulisha wahusika wake. Jarida hilo limejenga jina kwa hadithi za mapambano na mashindano, na kaulimbiu yake ni urafiki, juhudi na ushindi. Ryotsu hana hata moja kati ya hayo kwa maana waliyoikusudia. Juhudi anazo, ila ni za kutafuta pesa za haraka. Hata hivyo alikuwepo kabla Dragon Ball, manga ya mapambano iliyotamba mno jaridani humo, haijaanza mwaka 1984, akawepo ilipokwisha mwaka 1995, mwaka ambao toleo la mwaka mpya la Jump lilichapwa nakala milioni 6.53, na alikuwepo bado miaka 20 baadaye.

Sababu ya kwanza ni muundo. Karibu kila hadithi ya Kochikame inaanza na kuisha ndani ya toleo lilelile. Ryotsu anagundua jambo jipya mjini, anaona pesa ndani yake, biashara inashamiri, tamaa inamzidi, kila kitu kinaporomoka, na ukurasa wa mwisho Ohara anamsaka akiwa na silaha mkononi. Msomaji aliyekosa wiki tatu hajapoteza kitu. Na hilo "jambo jipya" lilibadilika na nchi: michezo ya video, kompyuta, simu za mkononi, intaneti. Ryotsu hazeeki, lakini mji unaomzunguka unasonga mbele kila wiki, kwa hiyo vicheko havikuishiwa chakula. Mtu akizipanga hadithi hizo kwa miaka anapata kumbukumbu za maisha ya kawaida ya Tokyo ambazo sijaziona zikiwekwa kwa uaminifu namna hiyo kwingine.

Sababu ya pili wengi hawaitaji, na mimi ndiyo ninayoiheshimu zaidi. Wachoraji wa manga za kila wiki wanajulikana kwa kukesha, kuugua na kusimamisha hadithi. Akimoto aliendesha studio yake kama ofisi. Wasaidizi wake walikuwa waajiriwa wenye mishahara na saa maalumu za kazi, wakigonga kadi wanapoingia na wanapotoka. Hadithi zilikamilishwa mapema na kuwekwa akiba, hivi kwamba homa ya mtu mmoja haikuweza kuacha kurasa tupu. Mhariri hakuwa na haja ya kumgongea mlango usiku wa manane. Tunapenda kusimulia msanii anavyoteseka kwa ajili ya kazi yake, na wasanii wetu wachanga wanaamini kwamba bila mateso hakuna sanaa. Mtu huyu alichekesha taifa kwa miaka 40 na wasaidizi wake wakirudi nyumbani jioni. Ningependa kila mhariri ajue hilo.

Urefu huo pia ulizaa vichekesho ambavyo mfululizo mfupi hauwezi kuvimudu. Yupo askari aitwaye Higurashi, aliyeingia mwaka 1980, ambaye hulala miaka minne mfululizo na kuamka mwaka wa Olimpiki ya kiangazi tu. Anaamka, anatatua kesi kwa uwezo wake wa kimiujiza, analala tena. Msomaji aliyemcheka akiwa darasa la sita alingoja hadi yuko sekondari ndipo amwone kwa mara ya pili. Hebu fikirini ujasiri wa mchoraji anayepanga mzaha wa miaka minne katika jarida linaloweza kumfuta ndani ya wiki 10!

Wapo wanaosema Kochikame ilipoa miaka ya mwisho. Nakubali kwamba michoro ya mwanzo, mizito na yenye Ryotsu anayefyatua bastola ovyo, ina ukali ambao baadaye ulilainishwa. Sikubali kwamba ilichosha. Mfululizo unaochosha hauuzi zaidi ya nakala milioni 150 za vitabu, na mtaa haujengi sanamu za shaba za mtu aliyewachosha. Ukishuka kituo cha treni cha Kameari leo, Ryotsu amesimama nje anakusubiri.

Namna alivyomaliza nayo ilinifurahisha. Mapema Septemba 2016, kwenye hekalu la Kanda Myojin jijini Tokyo, alikokuwa ametoa mchoro mrefu wa Kochikame kama sadaka, Akimoto alitangaza kwamba anafunga, zikiwa zimebaki wiki mbili tu. Hadithi ya mwisho ilitoka kwenye toleo namba 42 la mwaka huo, namba ileile aliyoanzia, na siku hiyohiyo kikatoka kitabu cha 200. Miisho ya jarida na ya kitabu haifanani: kichekesho cha mwisho kilibadilishwa, na ilibidi usome vyote viwili. Kitabu cha Rekodi cha Guinness kikaitambua kuwa manga moja yenye vitabu vingi kuliko zote. Akimoto, akiwa na miaka 63, akatangaza kwamba anaendelea na kazi nne nyingine.

Rekodi ilivukwa Julai 2021, manga nyingine, Golgo 13, ilipofikisha kitabu cha 201. Oktoba mwaka huohuo Kochikame nayo ikatoa cha 201, chenye hadithi za mojamoja zilizochorwa baada ya kufunga. Golgo 13 imeendelea kuongeza, na inastahili.

Kwa anayetaka kuonja, asijilazimishe kuanza na kitabu cha kwanza. Tafuta cha 71, penye hadithi ya daraja la Kachidoki, daraja la mto Sumida ambalo zamani liliinuka katikati kupisha meli na halijainuka tangu mwaka 1970. Ryotsu akiwa mtoto anajipenyeza na wenzake kwenye chumba cha mitambo ili waliinue kwa ajili ya mwanafunzi mwenzao anayehama. Vicheko viko kidogo sana humo. Wasomaji wengi wa Kijapani huitaja wanapoulizwa waliyoipenda zaidi, nami niko pamoja nao.