Maua ya Amani, medali za London: maswali yenu kuhusu uchoraji wa mimea

Tangu niandike hapa kwamba uchoraji wa mimea ni kazi inayoweza kumlisha mtu wa Afrika Mashariki, barua zimekuja nyingi. Nimechagua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu imegusa jambo ninalolipigania siku zote.

*Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa Muheza. Nilijifunza kuchora Tingatinga Dar es Salaam, nikarudi nyumbani. Sasa nachora maua ya msitu wa Amani, huku Usambara Mashariki, kwenye kadi na kuwauzia watalii. Mgeni mmoja aliniambia kwamba Uingereza wachoraji wa maua hupewa medali. Je, mtu wa kwetu anaweza kuipata, au ni ya wenyewe? Naanzia wapi? — Msomaji, Muheza*

Marahaba mwanangu. Anaweza. Tena wewe una kitu ambacho wengi wanaozitafuta medali hizo hawana: mmea uko karibu na mlango wako, uko hai, na uko mahali pake.

Kwanza nikueleze medali zenyewe. Hutolewa na Chama cha Kifalme cha Bustani cha Uingereza, kinachojulikana kama RHS. Unatuma sampuli za kazi zako, wanazikagua, na wakikukubali unapeleka picha sita zenye mada moja. Waamuzi huzitazama zote sita kwa pamoja na kutoa dhahabu, fedha iliyopakwa dhahabu, fedha au shaba. Hushindani na jirani yako, maana kila mtu hupimwa kwa kipimo kilekile, na mwaka mmoja dhahabu zinaweza kutoka kwa watu kadhaa. Kwa hiyo picha tano nzuri na moja iliyolegea zitakuangusha. Chama hichohicho kilimpa Joy Adamson medali ya dhahabu ya Grenfell mwaka 1947 kwa picha zake za maua ya Kenya, miaka mingi kabla dunia haijamjua kwa habari za simba. Maua yetu yamekwisha kupata dhahabu. Ninachotaka mimi ni kuona dhahabu hiyo mikononi mwa mtu aliyezaliwa kando ya maua hayo.

Sasa turudi Amani. Unalijua lile ua dogo la rangi ya urujuani linalomea kwenye miamba yenye kivuli, ambalo watu wa Ulaya na Marekani hulifuga madirishani kwa mamilioni? Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, alilipeleka kwao, na mwaka uliofuata Hermann Wendland wa bustani ya Herrenhausen, Hannover, akaliita Saintpaulia ionantha. Picha zake za mwanzo zilichorwa huko, kutoka mimea iliyooteshwa kwenye vyungu. Mwamba haumo, ukungu wa asubuhi haumo, wala namna majani yanavyojibana kwenye ufa wa jiwe kutafuta unyevu. Ndivyo ilivyokuwa kwa sehemu kubwa ya mimea yetu. Ile kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoanza kuchapishwa 1952 na kumalizika 2012, ina zaidi ya aina 12,000, na michoro yake mingi ilitokana na mimea iliyokaushwa na kubanwa kwenye karatasi. Ni michoro bora, nimejifunza kwayo na ninaiheshimu. Lakini ua likikauka rangi hupotea, vinyweleo hulala, na kina cha ua hakionekani tena. Hapo ndipo nafasi yako ilipo.

Tingatinga imekupa mkono usiotetemeka na jicho la mpangilio. Vyote viwili utavihitaji. Utakachobadilisha ni vifaa na utii. Weka kando ile rangi ya mafuta inayong'aa na ubao. Tafuta karatasi ya pamba tupu, laini, ya gramu 300, rangi za maji zisizopauka kwa mwanga, brashi moja nzuri yenye ncha kali kuliko kumi za bei rahisi, bikari yenye ncha mbili za kupimia, na lenzi ya mkononi inayokuza mara 10. Karatasi ibaki nyeupe kuzunguka mmea. Mwanga utoke upande mmoja tu, kwa kawaida juu kushoto, na usihame mpaka umalize.

Utii ninaousema ni wa kuhesabu na kupima. Keti mbele ya ua hilo uhesabu. Petali zimeungana chini, juu zimegawanyika vipande vitano: viwili vya juu vidogo, vitatu vya chini vikubwa. Stameni, yaani viungo vya kiume vya ua, ni mbili, za njano. Sasa tazama pistili, kiungo cha kike: haikai katikati, imeinama upande, katika maua mengine kushoto na katika mengine kulia. Mtu akichora kutoka kichwani ataiweka katikati, na mwamuzi ataiona kabla hajatazama kitu kingine. Kisha geuza jani ulitazame kwa lenzi. Vinyweleo virefu na vifupi vimechanganyika, na mchanganyiko huo ndio wataalamu huutumia kutofautisha ndugu wa ua hili. Ukivichora vyote sawasawa, umechora ua zuri lisilo na jina.

Kuhusu jina, tangu 2015 wataalamu wameliingiza kundi hili la Saintpaulia ndani ya jenasi, yaani kundi kubwa la mimea ndugu, liitwalo Streptocarpus. Andika jina la sasa, na la zamani uliweke kando, kwa sababu wapenzi wa maua bado wanalitumia. Chini ya kila picha weka mahali na tarehe.

Mada ya picha sita unayo tayari: mimea sita ya kivuli ya Usambara Mashariki, au ua hili moja katika hatua sita, kutoka chipukizi hadi tunda. Mimi ningechagua ya pili, maana inaonyesha uvumilivu. Ila usichume chochote hifadhini. Nenda ofisi ya hifadhi, eleza kazi yako, omba ruhusa ya kukaa na kuchora palepale. Kadi za watalii endelea nazo, ndizo zitakazonunua karatasi.

*Habari Mwalimu. Nasoma botania Nairobi. Mhadhiri wangu amegundua kwamba najua kuchora, anataka nimchoree mmea kwa ajili ya makala ya kisayansi. Nitumie rangi au wino? Na je, kazi hii ina mbele? — Mwanafunzi, Nairobi*

Wino mweusi. Majarida ya sayansi huutaka kwa sababu hauachi shaka mstari unapoishia. Kalamu za milimita 0.1 hadi 0.3 zinatosha, na kivuli kijengwe kwa nukta. Chora kubwa kuliko ukubwa utakaochapishwa, na kando ya kila sehemu weka mstari wa kipimo. Usiandike "mara mbili" wala "mara tano", kwa sababu mhariri akiupunguza mchoro maneno hayo yatakuwa ya uongo, ilhali mstari utapungua pamoja na mchoro.

Nenda hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Afrika Mashariki iliyoko Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Ilianzia Amani mwaka 1902 na kuhamia Nairobi 1950, na ina mamia ya maelfu ya vielelezo vilivyokaushwa. Omba mtaalamu akuonyeshe namna ua kavu linavyolainishwa kwa maji ya moto yenye tone la sabuni, likafunguka, ukaona ndani. Usifanye hivyo bila idhini, kwa sababu kielelezo kingine ndicho pekee kilichopo.

Kazi ina mbele. Mimea mipya ya Afrika Mashariki bado inatangazwa, na mingi inahitaji mchoro. Mchoro wa kwanza wa mmea mpya hukaa na mmea huo siku zote, na kila mtafiti atakayeusoma ataurudia. Ipo pia tuzo ya Margaret Flockton, inayotolewa na Bustani ya Mimea ya Sydney, Australia, mahususi kwa michoro ya kisayansi ya namna hii, na wachoraji wa nchi nyingine hushiriki. Na kabla hujagusa wino, kubalianeni kwa maandishi mambo mawili: malipo, na jina lako kuchapishwa chini ya mchoro. Mhadhiri mwema hatakasirika.

*Assalaam aleikum bibi. Nachora asumini, kilua na mlangilangi. Mwenye duka la zawadi Mji Mkongwe anataka picha zangu tatu, anasema atazichapa kwenye vitambaa. Bei yake nzuri. Nimuuzie? — Mama wa wawili, Unguja*

Waaleikum salaam mwanangu. Muuzie karatasi, haki ya kuchapa usimuuzie pamoja nayo. Ni vitu viwili. Anayenunua picha ameipata aitundike. Akitaka kuichapa kwenye vitambaa, hilo ni patano jingine lenye malipo yake: vitambaa vingapi, kwa muda gani, na wewe unapata nini kwa kila kimoja. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA. Nenda ukawaone kabla hujatia saini. Na piga nakala safi ya picha kwa mashine ya kuskani kabla hazijatoka nyumbani.

Kilua hicho nakisubiri kwa hamu. Kina mama wanakivaa kwenye vikuba tangu zamani, na bado sijaona picha inayokitendea haki.

*Mwalimu, sisi ni kikundi cha walimu na wanafunzi wa Bukoba. Tunataka kufanya maonyesho yetu ya kwanza, lakini hatuna maua ya ajabu kama ya Usambara. Tuna migomba, kahawa na mboga za majani. Wenzetu wanasema tutachekwa. — Kikundi cha wachoraji, Bukoba*

Hamtachekwa. Tarehe 18 Mei 2025 wachoraji wa mimea wa nchi nyingi walifanya maonyesho siku moja, na mada waliyoichagua ilikuwa mazao: ya asili, ya kale, na ndugu zake wa porini. Walichora nafaka, maharage na mboga. Mnachokiita cha kawaida ndicho walichokuwa wakikitafuta.

Tena kahawa yenu ya robusta ni mwenyeji, haikuletwa na meli. Inamea yenyewe katika misitu ya pande za Kagera na Uganda, na Wahaya walikuwa wakiitafuna ikiwa imechemshwa tangu zamani za mababu. Chora tawi lenye maua meupe na matunda mabichi na mabivu, pacha za mbegu zikiwa zimepasuliwa kando. Kwa mgomba, msichore mti mzima, hautatosha kwenye karatasi na hautasema kitu. Chukueni ua lake, lile la zambarau linaloning'inia, mlipasue, mwonyeshe safu za maua madogo chini ya kila ganda. Na aina za ndizi kila mwanafunzi achukue moja, awaulize wazee jina lake na matumizi yake, ayaandike kwa Kihaya na Kiswahili, na jina la kisayansi chini.

Ukumbi wa shule unatosha. Tundikeni picha usawa wa macho, mbali na jua la dirishani, na mwalikeni bwana shamba. Kwa mboga, mgagani anzeni nao mapema, maana unanyauka haraka ukishachumwa. Ua lake lina petali nne na stameni sita zilizobebwa juu ya kijiti kirefu. Uleteni darasani mzima, na udongo wake, kwenye kopo.