Usinunue Boksi kwa Neno "Itaingia"

Juzi usiku nimerudi kutoka Mayungu kufunga dishi, nikakuta ujumbe wa kijana mmoja wa Lamu. "Assalaam aleikum kaka. Kuna duka huku lauza boksi la TV elfu tatu na mia tano. Netflix haimo bado, lakini mwenye duka asema itaingia mwezi ujao likijisasisha. Ninunue?"

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Neno "itaingia" nalijua. Lilinila pesa, kisha likanila jina.

Netflix, huduma ya kulipia ya kutazama filamu mtandaoni, ilifunguliwa Kenya Januari 2016, siku moja na nchi nyingine zaidi ya mia. Kwa fundi wa televisheni wa Malindi hiyo ilikuwa riziki. Nyumba za wageni kuanzia Casuarina hadi Watamu zilikuwa na televisheni kubwa za zamani zisizo na intaneti, na wageni walikuwa wakifika wanauliza swali moja. Jawabu lilikuwa boksi dogo la kuipa televisheni intaneti, la kuchomeka kwenye HDMI, tundu la picha nyuma ya televisheni.

Mwaka 2017 nikashuka Mombasa, nikakuta boksi za Android kwa bei ya jumla, shilingi 4,200 moja. Nikachukua nane. Netflix haikuwamo, na hilo nililijua. Lakini mtandaoni nilikuwa nimesoma maneno ya mtu aliyedai ameiona ikijaribiwa kwenye boksi hizo hizo, na chini yake wenzake wakishadidia: kabla ya Krismasi itakuwa tayari. Nikamwuliza mzee mmoja ninayemheshimu katika kazi hii. Akaniambia, "Mwanangu, hapo Ngomeni Waitaliano walirusha satelaiti kutoka baharini tangu 1967. Washindwe na programu ya kutazamia filamu?" Maneno yale yakaniingia. Hesabu yangu ikawa moja tu: kama yawezekana kufanyika, basi itafanyika.

Nikauza sita, moja shilingi 6,500. Tatu kati ya hizo zilichukuliwa na mama mwenye nyumba ya wageni Shella (Shella yetu ya Malindi, si ile ya Lamu). Nilimwambia kwa kinywa changu: "Mama, kufikia Desemba itakuwa imeingia. Nitakuja kukuwekea mwenyewe, bure."

Desemba ikafika na wageni wakafika. Programu haikufika. Nikajaribu kuingiza kwa flashi Netflix iliyotengenezewa simu. Ikafunguka, lakini rimoti haikuitambua, ikabidi mgeni atumie kipanya cha kompyuta juu ya kitanda, na picha kwenye kioo cha inchi 50 ilikuwa kama unaitazama kupitia chandarua. Baada ya siku chache ikakataa hata kufunguka. Yule mama akamtuma mwanawe na boksi zote tatu ndani ya kikapu. "Mamangu asema umemtia aibu mbele ya wageni wake." Nikahesabu shilingi 19,500, nikampa kijana. Mama alikuwa na haki yake na sikubishana.

Kilichoniuma zaidi ni mwingine, msimamizi wa nyumba moja ya Casuarina. Naye nilimrudishia pesa zake siku ile ile, zote. Hata hivyo alizunguka akiniita tapeli, na kazi mbili nilizokuwa nimeahidiwa jirani naye zikapotea. Miaka imepita. Nikipita barabara ile bado moyo hunigonga.

Baadaye ndipo nilipokaa chini nikajifunza. Boksi zile zilibeba Android ya simu, si Android TV, ile iliyotengenezewa televisheni. Netflix ya televisheni haimiminwi kwenye kila kifaa chenye nafasi. Kila modeli hupimwa na kuidhinishwa kwanza, na mtengenezaji ndiye anayelifuatilia hilo. Kuna pia ulinzi wa kuzuia filamu zisinakiliwe, uitwao Widevine. Kifaa chenye daraja la L1 hufungua filamu ndani ya sehemu salama ya chipu, kikapewa picha safi. Chenye L3 hupewa picha hafifu, kwa kawaida isiyopita 480p. Funguo za L1 kwa kawaida huwekwa kiwandani. Kwa hiyo boksi langu lingesubiri sasisho mpaka kiyama. Mwaka ule ule Xiaomi walikuwa tayari wanauza Mi Box yenye Android TV, Netflix imo ndani na imeidhinishwa. Iligharimu zaidi, nikaipita.

Na hata pale kifaa kinapofaa kabisa, bado kuna mikataba. Hapa ndipo mzee wangu na mimi tulipokosea na mfano wetu wa Ngomeni. Satelaiti yataka uwezo. Programu yataka uwezo na maafikiano ya watu wanaogombea mteja mmoja. Mwaka 2015 Amazon iliacha kuuza Apple TV, boksi la kampuni ya Apple, kwenye duka lake la mtandaoni, na miaka ikapita watu wakitabiri kila mwezi kwamba Prime Video, huduma ya filamu ya Amazon, inaingia kwenye Apple TV. Tim Cook mwenyewe, mkuu wa Apple wakati ule, alitangaza Juni 2017, na bado ikaingia Desemba. Kufikia mwanzo wa 2018 YouTube ilikuwa imeondolewa kwenye Fire TV, boksi la Amazon, kwa ugomvi wa Google na Amazon, ikarudi Julai 2019. HBO Max, huduma nyingine ya filamu, ilifunguliwa Marekani Mei 2020, na wenye Roku, boksi la TV la Marekani, ambao ni mamilioni, wakakaa mpaka Desemba. Hayo ni makampuni yenye mawakili na mabilioni. Sasa boksi lisilo na jina la mtengenezaji kwenye katoni, nani atakwenda kulisemea?

Hata iliyomo hutoka. Roku ya kwanza, mwaka 2008, ilitengenezwa kwa ajili ya Netflix. Desemba 2019 Netflix ikaacha kufanya kazi kwenye modeli kadhaa za Roku za zamani.

Ndugu zangu tunaotafuta riziki kwa vifaa hivi, tuogope kuuza kesho. Mteja anakupa pesa ya leo, mpe kitu cha leo. Ukiwa hujui, sema sijui; mama wa watu anapanga wageni wake kwa neno lako. Mimi nililisema neno la watu nisiowajua, wasio na duka wala jina mtaani, na aliyelipa ni mimi. Msitie ulimi wenu dhamana kwa porojo za mtandaoni, hata zikisemwa na watu mia.

Sasa kijana wangu wa Lamu. Nenda dukani, umwombe aliwashe boksi mbele yako. Fungua hotspoti ya simu yako, uingie kwa akaunti yako, ucheze filamu dakika kumi kwa rimoti ya boksi, si kwa kipanya. Alama ya Netflix kwenye katoni au kitufe chekundu kwenye rimoti visikushawishi, maana huchapwa tu. Tazama kwenye mipangilio kama imeandikwa Android TV au Google TV. Akikwambia "itaingia", mwulize kama atakuandikia kwenye risiti kwamba isipoingia mwezi huo atakurudishia pesa. Nadhani hataandika. Ukilitaka kwa filamu za flashi na YouTube tu, jambo jingine; hapo bei yaweza kufaa.

Yule mama wa Shella alinipigia simu mwezi uliopita, mara ya kwanza tangu 2017. Ana televisheni mpya mbili za kuning'iniza. Nilipomaliza, nikafungua kila programu moja moja, akiwa amesimama nyuma yangu, ndipo nikakunja waya zangu.