Nje ya mji wanapaki bure, kwetu ni pauni 1.50 kwa saa: nisaini barua?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nina duka la vitenge, viungo na unga wa sembe katika mtaa mkuu wa maduka wa mji mdogo hapa West Midlands, Uingereza. Nje ya mji, mwendo wa dakika kumi kwa gari, kuna eneo la maduka makubwa ambalo kila mwaka linazidi kutanuka, na wateja wangu wanapungua. Kule wanapaki bure, huku kwetu maegesho ya halmashauri ni pauni 1.50 kwa saa. Wenye maduka wenzangu wameandika barua ya kuitaka halmashauri ifute ada yote, na wanataka sahihi yangu. Ada ikifutwa, wateja watarudi? Na kwa nini mimi mwenye kijiduka nilipe reti (kodi ya majengo ya biashara) kubwa kwa kila mita kuliko wale wenye maduka makubwa ya kimaghala kule nje? – Bi. M.

JIBU: Bi. M., barua hiyo usiitie sahihi kama ilivyo. Wenzako wana haki ya kulalamika, ila wanachokiomba kinaweza kuwaumiza wao wenyewe. Nitakueleza kwa nini, halafu nitakuambia barua ibadilishwe wapi.

Kule nje ya mji maegesho yanalipiwa, tatizo ni kwamba mteja haoni anapolipa. Nafasi moja ya gari, ukihesabu na njia ya kupita na kugeuzia, inakula takriban mita 25 za mraba. Nafasi 600 ni hekta moja na nusu ya lami. Lami hiyo ilinunuliwa, inafagiwa, inawekewa taa na walinzi. Kwa kawaida eneo lote lina mwenyewe mmoja, kampuni ya uwekezaji au mfuko wa pensheni, naye gharama anazirudisha kwa wapangaji kupitia pango na tozo ya huduma. Wapangaji nao wanazitia kwenye bei ya sofa na viatu, hivyo aliyekuja kwa basi anailipia lami sawa na aliyekuja na gari.

Katikati ya mji hakuna mwenye eneo mmoja. Duka lako ni la mtu huyu, la jirani ni la yule, barabara ni ya halmashauri, na uwanja wa maegesho una hesabu zake peke yake. Hata reti uwanja huo unatozwa kama jengo lingine la biashara. Ada ikifutwa, gharama zinabaki pale pale na anayezibeba ni mlipa kodi wa halmashauri, ambaye ni wewe na wateja wako, pamoja na yule bibi wa gorofa ya juu asiye na gari.

Je, ada inafukuza wateja? Kwa kiasi fulani, ndiyo. Kuna miji miwili ya kaunti moja, Ceredigion huko Wales, ambayo ningependa wenzako waisikie kabla ya kupeleka barua.

Mwaka 2015 wahuni walivunja mashine za kulipia katika viwanja vya maegesho vya Cardigan. Kwa muda watu wakawa wanaegesha bila kulipa, na wenye maduka wakaeleza kwamba biashara imechangamka, wengine wakisema mauzo yamepanda hadi asilimia 50. Hayo ni maneno ya wauzaji wenyewe, si hesabu zilizokaguliwa, lakini siwezi kuyapuuza. Cardigan ni mji mdogo, watu wengi wanatoka vijijini, basi ni la kubahatisha, na nafasi za magari zilikuwepo za kutosha. Mahali kama hapo, kuondoa kero ya sarafu na tiketi kunamvuta mtu asimame.

Aberystwyth iko juu kidogo kwenye pwani hiyo hiyo. Katikati ya 2011 polisi waliwaondoa askari wa maegesho, na halmashauri haikuanza kazi hiyo hadi katikati ya 2012. Kwa takriban mwaka mzima sheria za kuegesha barabarani zilikuwepo kwenye vibao, ila hapakuwa na wa kuzisimamia. Wapo waliofurahi. Muda si mrefu magari yakaanza kulala mbele ya maduka kutwa nzima, malori ya mizigo yakakosa pa kusimama, na wenye maduka wakawa miongoni mwa waliotaka askari warudi.

Ukiiweka miji hiyo miwili pamoja utaona kinachoamua: je, nafasi iliyo mbele ya duka inapokea magari mangapi kwa siku? Mteja wako wa vitenge anakaa, tuseme, dakika 45. Nafasi moja kwa saa tisa za biashara inaweza kuhudumia watu kumi na wawili wa namna hiyo. Ikikaliwa tangu asubuhi na gari la mfanyakazi wa benki, inahudumia mtu mmoja, naye hajanunua hata pakiti ya iliki. Na nikuambie wanaoziziba nafasi hizo mara nyingi ni nani: wenye maduka wenyewe na wafanyakazi wao. Wao ndio wa kwanza kufika asubuhi. Mkiwa ishirini mtaani, kila mmoja na gari lake na la msaidizi wake, mmekwisha kula nafasi arobaini kabla mteja wa kwanza hajaamka. Donald Shoup, profesa wa Los Angeles aliyefanya kazi kubwa kuhusu jambo hili, alishauri bei iwekwe kiasi ambacho takriban asilimia 85 ya nafasi zitakuwa zimejaa, ili anayekuja apate moja bila kuzunguka. Pasipo msongamano bei hiyo inaweza kuwa sifuri. Ndivyo ilivyokuwa Cardigan.

Hata wapinzani wenu wa nje ya mji wanalijua hilo vizuri kuliko mnavyodhani. Ile bure yao ina saa. Aprili 2013, Barry Beavis aliegesha Riverside Retail Park, Chelmsford, ambako saa mbili za kwanza zilikuwa bure. Akapitiliza kwa dakika 56, kamera zikasoma namba ya gari lake, akadaiwa pauni 85 na kampuni ya ParkingEye. Akagoma, na kesi ikafika Mahakama ya Juu, ambayo Novemba 2015 ilimwambia alipe. Moja ya sababu ni kwamba mwenye eneo na maduka yake wana maslahi halali katika kuhakikisha magari yanatoka ili mengine yaingie. Utamu wa kesi hiyo ni huu: kampuni haikuwa inalipwa kusimamia uwanja ule. Yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimlipa mwenye eneo pauni 1,000 kwa wiki, na ikijitafutia fedha kutoka kwa waliochelewa kuondoka. Maduka makubwa yasingekubali nafasi zao zikaliwe kutwa, basi ninyi wadogo mnaomba jambo ambalo wao walilikataa.

Sasa tuje kwenye swali la kama wateja watarudi. Uko West Midlands, kwa hiyo Merry Hill unaijua, kile kituo kikubwa cha maduka karibu na mji wa Dudley. Kiwanda cha chuma cha Round Oak, Brierley Hill, kilifungwa Desemba 1982. Eneo la jirani lilikuwa limo katika mpango wa serikali wa kuvutia uwekezaji: miaka kumi bila kulipa reti, na masharti mepesi ya vibali. Ndugu wawili mapacha, Don na Roy Richardson, wakajenga pale kituo cha maduka kilichozungukwa na maelfu ya nafasi za maegesho bila ada. Marks & Spencer wakafunga duka lao la Dudley na kuhamia huko, na wengine wenye majina makubwa wakahama pia. Dudley haikupata kunyanyuka tena kama mji wa ununuzi. Watu husema "ni maegesho yale". Maegesho yalichangia, sawa, lakini Dudley ilipigwa na mambo matatu kwa mpigo: msamaha wa kodi, ukubwa wa majengo ambao mtaa wa zamani hauwezi kuutoa, na kuondoka kwa yale maduka ambayo ndiyo yaliyowaleta watu mjini. Halmashauri ingeweza hata kuwalipa watu waegeshe Dudley. Wangefuata nini?

Metrocentre ya Gateshead, kituo kingine kikubwa cha maduka kaskazini mwa Uingereza, ilijengwa kwa msaada wa mpango wa aina hiyo hiyo, ikafunguliwa 1986, ng'ambo tu ya mto kutoka Newcastle. Newcastle haikufa. Ilikuwa na kituo chake cha ndani, Eldon Square, kilichoshikilia maduka makubwa. Ilikuwa na treni za Metro zinazowashusha watu chini ya mtaa wenyewe. Na ilikuwa na ofisi na vyuo vya kuwapa watu sababu nyingine ya kuwa pale. Halafu mwaka 2010 chama cha wafanyabiashara wa katikati ya mji, NE1, kikaanzisha mpango wa maduka kuchelewa kufunga, na maegesho ya ghorofa ya halmashauri yakawa bure kuanzia saa kumi na moja jioni. Angalia saa waliyochagua: saa ambayo wafanyakazi wa ofisini wanaondoka na nafasi zinabaki tupu. Hilo ni ombi ambalo halmashauri inaweza kulikubali bila kupoteza fedha nyingi.

Kabla hamjaandika chochote, jueni wateja wenu wanafikaje. Mwaka 2006 Sustrans, shirika linalohimiza kutembea na kuendesha baiskeli, liliwauliza wenye maduka wa mitaa miwili ya Bristol. Wakakisia kwamba asilimia 41 ya wateja huja kwa gari, kumbe walipoulizwa wateja wenyewe ilikuwa 22. Waliokuja kwa miguu walikuwa zaidi ya nusu. Muuzaji humkumbuka mteja aliyelalamikia maegesho, na aliyekuja kwa miguu halalamiki. Wewe unauza sembe na viungo kwa watu wetu, na nina wasiwasi kwamba wengi wao wanakuja kwa basi Jumamosi. Kaa na daftari kaunta wiki mbili, uliza kila anayelipa. Ikitokea wengi ni wa basi, kituo cha basi kuhamishwa mita mia mbili kitakuumiza kuliko pauni 1.50.

Barua basi. Iombeni halmashauri dakika 30 au saa moja ya kwanza bure katika nafasi zilizo karibu na maduka, kisha ada ipande, ili mwenye haja fupi asilipe na wa kutwa akaegeshe mbali. Iombeni bure ya jioni. Ombeni uwanja wa pembeni wenye tiketi ya mwezi ya bei nafuu kwa wafanyakazi wa maduka, nanyi mtie sahihi kwamba magari yenu yatakaa huko. Na kabla ya kudai kwamba halmashauri inatajirika kwa ada, someni hesabu zake: kanuni za uwazi za 2015 zinazitaka halmashauri za Uingereza kuchapisha kila mwaka mapato ya maegesho na matumizi yake. Ada za barabarani zina masharti. Mwaka 2013 Mahakama Kuu iliikatalia halmashauri ya Barnet kupandisha ada za vibali vya wakazi kwa lengo la kukusanya fedha za matumizi mengine ya usafiri. Viwanja vya maegesho vina uhuru zaidi, msivichanganye.

Kuna jambo lingine ambalo kwenye barua yenu halimo kabisa, nami naliona kubwa kuliko maegesho. Maeneo mengi ya nje ya mji yalipewa kibali kwa sharti la kuuza vitu vikubwa tu: fanicha, mazulia, mbao, rangi. Baadaye mwenye eneo anaomba sharti lilegezwe, kwa kifungu cha 73 cha sheria ya mipango miji ya 1990, na mwaka unaofuata kule kunauzwa nguo na vyakula. Unasema kwenu linatanuka kila mwaka, basi fungua ukurasa wa maombi ya vibali wa halmashauri uone limetanuka kwa njia gani. Sera ya taifa inamtaka mwombaji aonyeshe kwanza kwamba hakuna mahali panapofaa katikati ya mji au kando yake, na mradi unaozidi mita za mraba 2,500 kwa kawaida unadaiwa pia tathmini ya athari zake kwa mji. Muda wa kutoa maoni ni siku 21. Pingamizi la ukurasa mmoja lenye kutaja masharti hayo, likifika ndani ya siku hizo, linasomwa.

Mwisho ni reti. Duka la mtaani hupimwa kwa kanda: mita 6.1 za kwanza kutoka kwenye dirisha la barabarani zina bei kamili, zinazofuata nusu, kisha robo. Maghala ya nje ya mji hupimwa kwa bei moja kwa mita zote. Tuseme duka lako lina upana wa mita 5 na kina cha mita 12.2, na bei ya kanda ya mbele ni pauni 300 kwa mita ya mraba, mfano tu. Kanda ya mbele ni mita za mraba 30.5, ya nyuma zinahesabiwa 15.25, thamani ya kikodi (ile inayotumika kukokotoa reti) inakuwa pauni 13,725, sawa na pauni 225 kwa mita halisi. Ghala la kule likipimwa kwa pauni 180, linalipa kidogo kuliko wewe kwa kila mita, ila kwa jumla linalipa mara nyingi zaidi yako. Bei hizo zinafuata pango la soko, na lami yao imo ndani ya pango hilo.

Usiache pesa mezani. Kwa mwenye jengo moja la biashara, thamani isiyozidi pauni 12,000 hailipi reti kabisa, na kati ya 12,000 na 15,000 msamaha unapungua taratibu. Kwa mfano ule wa 13,725 ungekatiwa zaidi ya asilimia 40. Msamaha huo haukufuati nyumbani, huombwa kwa halmashauri, na thamani ilibadilishwa upya Aprili 2026, kwa hiyo ile karatasi ya zamani usiitegemee. Nitumie thamani mpya ya duka lako na vipimo vyake, tuone kama kanda zimepimwa sawasawa.