Kabla ya kugawanya volti kwa ampia

Hesabu yenyewe ni fupi. Ukinzani, yaani jinsi kifaa kinavyozuia mkondo, ni volti kugawanya kwa ampia; nguvu ni volti mara ampia. Hita ndogo ikiwa na volti 12 na mkondo wa ampia 3, ukinzani wake ni omu 4 na nguvu yake ni wati 36. Wanaoanza hawakosei hapo. Wanakosea katika kuchagua namba za kuingiza. Volti na ampia lazima ziwe za kifaa kilekile, zilizopimwa wakati uleule kikiwa kinafanya kazi.

Chukua hita iliyounganishwa na betri kwa waya mrefu na mwembamba. Multimita (kipimo cha volti, ampia na omu) kwenye vichwa vya betri inasoma volti 12.4, mkondo ni ampia 5. Kwa namba hizo utapata omu 2.48 na wati 62. Sasa hamisha pini za multimita, uguse pale waya zinapoingia kwenye hita: volti 11.8. Kumbe hita ina omu 2.36 na inatumia wati 59. Volti 0.6 zimeishia njiani, na kwa mkondo wa ampia 5 hizo ni wati 3 zinazopasha waya moto bure. Gawanya 0.6 kwa 5, utaona waya pamoja na viungio vyake vina omu 0.12. Mahali pamoja pakiwa na joto kuliko kwingine, mara nyingi ni kiungio kilicholegea au chenye kutu. Anzia hapo.

Ampia hupimwa kwa kukata njia ya mkondo na kuiingiza multimita katikati, pini nyekundu ikiwa kwenye tundu la ampia. Ukimaliza, irudishe kwenye tundu la volti papo hapo. Ukisahau, halafu ukagusa betri ili kupima volti, multimita inakuwa njia fupi ya umeme: ukiwa na bahati ni fyuzi tu itakayokatika. Kwa umeme wa nyumbani usikate waya kabisa. Tumia mita ya kubana, ukibana waya mmoja tu kati ya miwili. Ukibana yote miwili itasoma sifuri, kwa sababu mkondo wa kwenda na wa kurudi hufutana.

Halafu kuna miliampia (elfu moja ni ampia moja), chanzo cha majibu ya ajabu. Rezista (kipande cha kuzuia mkondo) yenye volti 12 na miliampia 24 ina omu 500 na inatoa wati 0.288. Asiyebadilisha kipimo atapata omu 0.5 na wati 288, nguvu ya kuchoma rezista ile mara moja. Kwa njia ya mkato, volti kugawanya kwa miliampia hukupa kilo-omu, na volti mara miliampia hukupa miliwati.

Kosa la kuchanganya volti za chanzo na za kifaa hujitokeza sana kwenye taa za LED. Chanzo ni volti 12, taa inahitaji volti 2 na miliampia 20. Anayegawanya 12 kwa 0.02 anapata omu 600, lakini rezista haipati volti 12, inapata 10 zinazobaki. Jibu ni omu 500. Thamani za kawaida zilizo karibu ni 470 na 560; panda hadi 560, usishuke, kwa kuwa ukishuka mkondo utazidi ule unaoutaka. Rezista hiyo ya 560 itatoa takriban wati 0.18. Ya robo wati itavumilia lakini itakuwa moto, kwa hiyo weka ya nusu wati.

Jambo linalowachanganya wengi zaidi ni hili: mkondo kipeo cha pili mara ukinzani unaonyesha nguvu ikipanda ukinzani ukipanda, ilhali volti kipeo cha pili kugawanya kwa ukinzani unaonyesha ikishuka. Kanuni zote mbili ni sahihi. Jiulize ni kipi kisichobadilika. Rezista za omu 10 na 40 zikifuatana kwenye volti 10, mkondo ni mmoja, ampia 0.2, nazo zinatoa wati 0.4 na 1.6. Kubwa ndiyo inayopata moto zaidi. Zikiwekwa sambamba, kila moja inapata volti 10 kamili, na sasa ndogo inatoa wati 10, kubwa 2.5.

Usitegemee sana omu unazosoma kifaa kikiwa baridi. Balbu ya waya ya wati 60 kwa volti 230 ina takriban omu 880 ikiwaka, lakini ikiwa imezimwa multimita inaweza kusoma chini ya 100, kwa sababu ukinzani wa tangsteni, metali ya waya wa balbu, hupanda sana na joto. Na kabla ya kupima omu zozote, zima chanzo na utenge upande mmoja wa kifaa, la sivyo utapima pia njia nyingine zilizo sambamba nacho.

Mota za umeme wa AC, yaani umeme unaogeuza mwelekeo kama wa nyumbani, ni habari nyingine. Volti 230 mara ampia 4 ni 920, lakini hizo ni volti-ampia, si wati. Mota yenye kipengele cha nguvu (sehemu ya volti-ampia inayokuwa wati) cha 0.8 inatumia wati 736. Kugawanya 230 kwa 4 nako hakukupi ukinzani wa koili. Huo upime kwa omu, mota ikiwa imechomolewa.