Maswali ya wasomaji: Kompyuta inasema trei nzima, mashine inachana kona

SWALI: Shikamoo mhandisi. Nasoma masters huku Finland, nimepewa kazi ya kufanya simulesheni ya trei za chakula za kadibodi, zile zinazogandamizwa kwenye kalibu ya moto. Kwenye kompyuta trei inatoka safi kabisa ila kwenye mashine kona zinachanika karibu na kitako. Nimetumia modeli ya Hill (kanuni ya kuiambia kompyuta kadibodi inavyobadilika umbo), na data za kuvuta nimezitoa kwenye karatasi ya maelezo ya mtengenezaji. Nipunguze saizi ya meshi, yaani vile vipande vidogo (elementi) ambavyo kompyuta inaigawanya trei? – Msomaji, Lappeenranta

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Meshi achana nayo kwanza, trei yako haichaniki kwenye kompyuta kwa sababu hujaiambia ichanike. Hill inakuonyesha kadibodi imeanza lini kubadilika umbo moja kwa moja bila kurudi, baada ya hapo inavutika tu, hata uivute mpaka kesho, na watu wengi sana wanakwama hapo wanaanza kulaumu programu.

Halafu ile modeli ni ya 1948, ilitungwa kwa ajili ya bati za chuma, inachukulia kwamba nguvu ya kuvuta na ya kugandamiza ni sawa, wakati kadibodi ukiigandamiza inashindwa kwenye kama nusu ya ile nguvu ya kuvuta au hata chini ya hapo. Na kona ya trei ndo inapata yote mawili kwa pamoja, inavutwa kwenda chini huku inabanwa kutoka pembeni. Kwahiyo weka kigezo cha kuchanika kinachotofautisha kuvuta na kubana, Tsai-Wu ya 1971 inatosha kuanzia. Ukiweza nenda kwenye modeli ya Xia, Boyce na Parks ya 2002, hiyo ilitungwa kwa ajili ya karatasi hasa, na programu ya simulesheni ya LS-DYNA inayo modeli tayari, MAT_PAPER, inayofuata njia hiyohiyo.

Sasa data, na hapa naomba unisikilize vizuri. Ile karatasi ya maelezo kwa kawaida imepimwa kwenye 23°C na unyevu wa hewa 50%, wewe unailowesha kadibodi kidogo kisha unaigandamiza kwa moto, hiyo ni kadibodi nyingine kabisa! Unyevu unapunguza nguvu lakini unaongeza kunyumbuka. Kapime mwenyewe kwenye unyevu na joto la kazi, uelekeo wa mashine (yaani kadibodi ilivyopita kiwandani ikitengenezwa, nyuzi nyingi zimelala huko), wa kuvuka, na wa pembe ya 45°, vipande 10 kila uelekeo maana kadibodi haifanani sehemu zote hata ikitoka roli moja. Kwenye uelekeo wa mashine inakatika ikirefuka kama 2% tu, kwa kuvuka inafika hata 5%, ndo maana kabla ya yote nakuuliza mpasuko wako umekaaje, ukiwa umezikata hizo nyuzi kwa kuvuka uelekeo wa mashine basi jibu unalo tayari.

Mistari ya kukunjia kwenye kona nayo umeiweka? Ile mistari inatenganisha tabaka za ndani makusudi ili kadibodi ya ziada ipate pa kujikunja, ukiiacha kompyuta inakupa mkandamizo wa uongo. Sio lazima uchore kila tabaka, elementi laini za kupinda kwenye mstari zinafaa.

Baada ya hapo ndo urudi kwenye meshi, ila ukumbuke kadibodi ikishaanza kupoteza nguvu kuelekea kuchanika, meshi ndogo inachanika mapema zaidi, kwahiyo kipimo cha kuchanika kifunge na urefu wa elementi na usikibadilishe hovyo.

Ukimaliza nenda kwenye mashine, punguza kidogokidogo nguvu ya ile pleti inayobana kingo mpaka kona ziache kuchanika, uandike ni nguvu kiasi gani. Trei ya kwenye simulesheni nayo ikiacha kuchanika karibu na nguvu hiyohiyo, mpelekee msimamizi wako.