Stadi za gurudumu zikikatika usikubali kuchomelewa, zinabadilika hata nyumbani

Ndugu yangu wa Mbale, umeuliza kuhusu Toyota Corona yako ya zamani iliyokatika stadi mbili gurudumu la mbele kushoto, yaani zile bolti zinazotokeza ambazo nati za gurudumu hufungwa juu yake. Fundi mmoja anataka kuzichomelea, mwingine anataka kung'oa habu nzima, kile chuma cha katikati kinachoshika stadi, aipeleke kwenye presi, mashine ya kuzisukuma zitoke. Mimi nina Corona pia, na kazi hiyo niliifanya mwenyewe hapa Busia, uani kwangu.

Tulikuwa tunakwenda msibani Soroti, mimi, mke wangu na watoto wawili. Kabla ya kufika Mbale tairi ikapata panchari, tukazibiwa kando ya barabara. Wakati wa kufunga, nati moja haikuonekana. Kijana akaokota nyingine kwenye kopo lake. Niliiona inakaza baada ya mizunguko miwili tu, akachomeka bomba kwenye spana akailazimisha hadi ikaingia. Nikanyamaza, na hilo linaniuma hadi leo. Tulipoipita Bukedea usukani ukaanza kutikisika. Kushuka kuangalia: stadi moja imekatika, ya jirani yake inacheza, na tundu la rimu limeanza kulika likawa kama yai. Na nyuma wamelala watoto.

Nati ile ilikuwa ya Subaru. Stadi ya Toyota ina unene wa milimita 12 na nafasi ya milimita 1.5 kati ya jino na jino. Subaru na Nissan nyingi zina unene uleule, ila nafasi ni 1.25. Kwa macho huwezi kuzitofautisha. Vidole ndivyo vinavyokuambia: nati ya kweli inazunguka kwa vidole vitupu hadi inagusa rimu. Ikigoma mapema, itoe.

Sababu ya pili ni kukanyaga spana. Toyota hizi zinataka nati ikazwe kwa toki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya Nm 103. Kwa spana ya sentimita 40, hiyo ni kama kuning'iniza kilo 26 kwenye ncha yake. Mtu wa kilo 70 akisimama juu yake anafikisha kama Nm 275, na hapo hajaruka. Stadi inavutika kama waya, haikatiki siku hiyo, inakatika miezi baadaye ukiwa barabarani.

Kuchomelea kataa kabisa. Stadi imetiwa ugumu kiwandani kwa moto uliopimwa. Moto wa weldi unauharibu ugumu huo, na hutaona kitu kwa nje.

Sasa kazi yenyewe. Legeza nati gari likiwa chini, weka mawe kwenye magurudumu ya nyuma, inua kwa jeki, kisha weka stendi imara. Usitegemee jeki peke yake. Toa gurudumu, fungua bolti mbili zinazoshika kalipa nzima, kile kifaa kinachobana diski ya breki, uifunge kalipa kwa waya kwenye springi. Isining'inie kwa mpira wake wa breki. Diski ikiwa imeshika kutu, itazame vizuri: ina matundu mawili madogo yenye nyuzi. Zungushia bolti za milimita 8 humo, kaza moja baada ya nyingine, na diski itajisukuma yenyewe.

Zungusha habu hadi stadi mbovu ielekee penye nafasi nyuma yake. Kwangu nafasi ilitosha bila kung'oa habu. Kama kwako kichwa kinagonga chuma, hapo fundi wa presi ana haki. Igonge stadi itokee nyuma kwa nyundo nzito na mapigo machache ya kunyooka. Nyundo ndogo ya kugonga mara hamsini inaumiza beringi.

Ile ya zamani nenda nayo dukani. Linganisha urefu, na hasa shingo yenye mistari chini ya kichwa: ikiwa nyembamba kidogo tu, stadi itazunguka ndani ya habu na hutaweza kuikaza wala kuifungua.

Kuingiza mpya ndipo penye utamu. Ipitishe kutokea nyuma, panga washa (vile visahani vya chuma vyenye tundu) nne au tano nene mbele, zipake grisi katikati, kisha weka nati ya zamani yenye tundu wazi, upande bapa ukitazama washa. Laza mtaimbo kati ya stadi mbili nyingine zilizovishwa nati ili habu isizunguke. Vuta polepole kwa spana ya mkono, mashine ya upepo usiiguse. Mwanzoni inasogea kwa uzito uleule, robo mzunguko, robo mzunguko. Halafu ghafla mkono unahisi umefika kwenye ukuta. Simama hapo. Pitisha kucha nyuma ya habu: kichwa kimelala bapa, kucha haipenyi. Ikipenya, bado.

Futa grisi yote, sugua kutu kwenye uso wa habu kwa brashi ya waya, rudisha diski na kalipa. Nyuzi za stadi ziache kavu, maana ukizipaka mafuta spana ileile inakaza kupita kiasi. Anza nati zote kwa vidole, kaza kwa kuvuka upande wa pili kama unachora nyota, na ukaze mara ya mwisho gari likiwa chini. Kanyaga breki mara kadhaa kabla ya kuondoka. Baada ya kilomita 80 hivi zikague tena.

Unauliza kama mbili zinatosha. Mimi nilibadilisha zote tano, kwa sababu zilizobaki ndizo zilizobeba mzigo wa zilizokatika. Rimu pia kagua. Yangu ilikuwa imelika, nikatafuta nyingine soko la Kisekka kule Kampala. Ukifika pale pa kuvuta na kichwa kikakataa kukaa, piga picha ya nyuma ya habu uiweke hapa, nitaitazama jioni nikitoka kazini.